Kutoka Kibuyu Hadi Orodha ya Vyakula

Mwaka jana, katika msimu wa kahawa, kijana mmoja wa ukoo wetu alinijia nyumbani hapa Ihembe akiwa na karatasi mbili zilizochapwa kwa kompyuta. Alikuwa anajiandaa kufungua baa kando ya barabara, na alitaka mimi, babu yake na mwalimu mkuu mstaafu, nimsahihishie maandishi kabla hajayapeleka kuwekewa plastiki. Nilichukua kalamu nyekundu, maana mwalimu hustaafu lakini kalamu yake haistaafu, nikaanza kazi. "Chips" nikaigeuza "chipsi". "Kuku wa kyenyeji" nikamwandikia "kuku wa kienyeji". "Samaki sato wa kukausha" nikauliza maana yake, nikaambiwa ni wa kukaanga. Nilipofika chini ya karatasi ya pili nilirudi juu nikahesabu vyakula vyote. Vilikuwa 41.

Nikamwuliza, "Mjukuu wangu, nikija leo jioni na wageni watatu, katika hivi 41 utanipa vingapi?"

Akafikiri, kisha akacheka kwa aibu. "Babu, vitatu. Labda vinne, kama mbuzi amechinjwa."

"Na hivi vingine umeviandika vya nini?"

"Watu siku hizi wanataka menyu, babu."

Ndugu msomaji, jibu hilo lilinikera usiku ule, lakini kwa kadiri nilivyolitafakari niliona kwamba kijana hakusema uongo. Watu kweli wanataka orodha ya vyakula. Swali ni watu gani, wameanza kuitaka lini, na wanapoishika mkononi wanatafuta nini ndani yake. Mimi nimezaliwa mwaka 1951. Nimeona vilabu vya rubisi visivyokuwa na chakula chochote, nimeona baa zenye chakula kimoja tu, na sasa naona baa zenye karatasi ya vyakula 41. Mabadiliko hayo yote yamepita mbele ya macho yangu, tena mengine yamepita ndani ya nyumba yangu, na hayo ya ndani ndiyo yaliyonifanya niandike.

Tuanze na rubisi. Kwa wasioijua, hii ni pombe ya ndizi, na kwetu Karagwe na kwa jirani zetu Wahaya ndiyo pombe yenyewe. Ndizi za pombe huivishwa siku kadhaa, shimoni au juu ya jiko, kisha humenywa na kukamuliwa kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti. Maji yake matamu hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja au zaidi kidogo huwa imeiva. Ikipita hapo huchachuka, na ikicheleweshwa zaidi haifai. Kwa hiyo rubisi haina subira. Ikiiva lazima inywewe, na haiwezi kunywewa na mtu mmoja. Ndiyo sababu hata kabla ya vilabu vyenye leseni watu walikusanyika penye rubisi, nyumba hii leo, nyumba ile kesho kutwa, kila mmoja na kibuyu chake na mrija wake.

Mgeni wa kwanza kutoka Ulaya kuandika habari za Karagwe alikuwa Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika na mwenzake Grant kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 anaeleza jinsi walivyokaribishwa kwa pombe na tumbaku, na anastaajabia sana wake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa. Nikiwafundisha historia wanafunzi wangu, habari za wake wale zilikuwa zikiwachekesha mno. Mimi hapa nataka kuonyesha jambo moja tu. Maziwa, yaani chakula, yalikuwa ndani. Pombe ndiyo iliyotoka nje kwenda kwa wageni.

Hivyo ndivyo nilivyoikuta hali hiyo nilipokuwa mtoto, karibu miaka 100 baadaye. Mahali pa kunywea hapakuwa na chakula. Mgeni aliweza kupewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, na hizo si chakula bali ni heshima. Kula ni jambo la nyumbani. Marehemu baba yangu alikuwa akisema kwamba mwanamume anayekula njiani anamtukana mkewe, maana anawatangazia watu kwamba kwake hakupikwi. Mtu akitoka kwenye pombe saa moja usiku alikwenda moja kwa moja kwake, akakuta ndizi na maharage chini ya jani, akala na watu wake.

Nisiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Sababu nyingine ya kutokuwapo nyama penye pombe ni kwamba nyama yenyewe ilikuwa adimu. Sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe wa Karagwe, nchi iliyokuwa ikijulikana kwa mifugo. Kwa familia ya kawaida kama yetu nyama ilikuwa ya Krismasi, ya harusi na ya msiba. Huwezi kuweka katika kilabu kitu ambacho hata nyumbani hakimo.

Nyama iliingia katika unywaji pamoja na chupa. Bia ya kiwandani inakaa, haina haraka ya rubisi, na anayeinunua ana fedha taslimu mfukoni: karani, dereva, mnunuzi wa kahawa, askari, na sisi walimu. Nilimaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. (Chuoni ndipo nilipoona orodha ya vyakula ukutani kwa mara ya kwanza maishani. Iliitwa ratiba ya chakula, na mwanafunzi mmoja mtundu alihesabu kwamba neno "maharage" lilikuwa limeandikwa mara kumi na nne katika wiki moja. Hata hivyo ilikuwa orodha ya kweli. Ikiandikwa maharage, ulipata maharage.) Katika miji midogo kama Kayanga na Omurushaka bucha lilijengwa ubavuni mwa baa, au baa ubavuni mwa bucha, na katikati yao akasimama mtu mwenye jiko la mkaa. Wakenya walikuwa wameshaifanya nyama choma kuwa karibu chakula cha taifa lao. Waganda, ng'ambo ya mto Kagera, waliita mchomo. Kwetu tuliita nyama tu, maana hapakuwa na kitu kingine cha kuchanganya nacho.

Utaratibu wake nadhani kila msomaji anaujua. Unakwenda mwenyewe buchani, unaonyesha kwa kidole: mguu huu, mbavu hizi. Inapimwa mbele yako. Unarudi kuketi. Baada ya saa nzima inaletwa juu ya ubao wa mbao, inakatwakatwa, chumvi inamwagwa pembeni, pilipili na ndizi za kuchoma zinafuata, na watu wanne au watano wananawa na kula pamoja kwa mikono. Hakuna sahani ya mtu. Hakuna karatasi. Ya nini karatasi, wakati mnyama mwenyewe ananing'inia pale na kila mtu anajua alichokuja kufanya?

Nimefikia sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mwaka 1980 nilikuwa na miaka 29, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kijana kuliko baadhi ya walimu niliowaongoza. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia na mkoa ukapewa jina jipya, lakini madukani hamkuwa na kitu. Sukari ilikuwa kwa mgao, sabuni kwa mgao. Hata bia ilikuwa kwa bahati, tena mara nyingi kwa kubadilishana na chupa tupu, kiasi kwamba kulikuwa na watu waliotembea na chupa tupu kwenye mkoba kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Mishahara ilichelewa. Siku ilipofika tulikwenda kuichukua pamoja, na kutoka pale hatukwenda nyumbani.

Tulikuwa walimu watano. Tulikula mbuzi, kilo tatu kama si nne. Sitasahau utamu wake. Sikuwa nimeonja nyama kwa muda mrefu, na sitasema kwamba nilikula kwa huzuni, la hasha, nilikula nikicheka. Nilifika nyumbani saa nne usiku. Mke wangu alikuwa amewalaza watoto, ila binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka sita, aliamka akaja kunipokea. Chakula changu kilikuwa mezani kimefunikwa kwa jani la mgomba, ndizi na maharage yaliyoungwa kwa chumvi tu. Yule mtoto alinishika mkono, akaunusa, akauliza, "Baba, umekula nyama?"

Nikasema, "Hapana."

Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kusema uongo. Mke wangu aliinua jani, akasogeza sahani mbele yangu, akaketi. Hakutamka neno. Nikala zile ndizi zote, tumbo limejaa, tonge baada ya tonge, kwa kuwa kuacha kungekuwa kukiri.

Nasimulia hili kwa sababu naamini halikuwa langu peke yangu. Kama mwalimu mkuu nimewahi kuona mtoto wa darasa la tatu akitumwa na mama yake siku ya mshahara kwenda kusimama mlangoni pa baa, bila kusema lolote, ili baba amwone tu. Baadhi ya baba walimpa kipande cha nyama ili aondoke. Kipande kile kilikuwa kizuri na kibaya kwa wakati mmoja. Tulichokuwa tumefanya, bila mtu yeyote kukipigia kura, ni kuihamisha sahani ya pamoja kutoka nyumbani na kuipeleka baa. Tulipenda kula pamoja. Ila tulichagua wa kula nao.

Sasa nirudi kwenye karatasi ya kijana wangu. Karatasi hiyo haikuletwa na sisi wanaume wa ubao wa nyama. Kikundi cha wanaume wanaokunywa hakihitaji kusoma chochote. Nilipojaribu kukumbuka ni lini niliona orodha ya vyakula juu ya meza ya baa katika wilaya yetu, nilijikuta katika miaka ya 1990, na waliokuwa wameketi kwenye meza hizo hawakuwa sisi.

Miaka ile mambo mengi yalifunguka kwa pamoja. Biashara iliachiwa huru. Mwaka 1993 serikali iliuza nusu ya hisa za kiwanda cha bia kwa kampuni ya Afrika Kusini, na bia ikaacha kuwa bahati, ikawa bidhaa. Baa zikaongezeka, na zilipoongezeka kila moja ilihitaji kitu cha kumvuta mtu ambacho jirani yake hana, maana bia ni ile ile. Viazi vya kukaanga vikaingia, na mayai yakamwagwa juu ya viazi tukapata chipsi mayai. Nyama ya nguruwe, iliyobatizwa jina la kitimoto, ikapata wapenzi wake na maadui zake. Dar es Salaam mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa mwezi Aprili 1993, na wengi tukajifunza kwamba anachokula mtu baa kinaweza kuwa jambo la dola. Kisha mwaka 1994 ukaja msiba wa Rwanda. Wakimbizi walioingia mkoani walifurika zaidi Ngara, lakini na kwetu Karagwe walifika, na nyuma yao yakaja mashirika yenye magari meupe na wafanyakazi kutoka kila pembe ya dunia. Watu hao walilala ugenini, walilipwa posho, wengine hawakula nyama hii, wengine hawakula ile, na hawakujua Kiswahili cha kumwuliza mchoma nyama "kuna nini leo?" Kwao karatasi ilikuwa mkalimani.

Hata hivyo magari meupe yaliondoka na karatasi ikabaki. Iliyemweka ni mwanamke wa kwetu. Muuguzi, mwalimu wa kike, karani wa chama cha ushirika, mfanyabiashara wa maharage, wanawake wenye mshahara wao na mkoba wao, walianza kuingia baa wakiwa wageni wanaolipa, si wahudumu wala wake waliokuja kumfuata mtu. Mwanamke wa heshima hakuwa tayari kwenda kusimama buchani katikati ya wanaume akielekeza kidole kwenye paja la mbuzi. Alitaka kuketi na kuletewa. Alitaka sahani yake. Alitaka kuku badala ya mbuzi, samaki badala ya kuku, soda, na alitaka kujua bei kabla, kwa sababu fedha ile alikuwa ameipangia kazi. Baadaye alikuja na watoto, Jumapili baada ya ibada, na watoto wakataka chipsi. Basi mwenye baa akalazimika kuandika.

Tusidhani jambo hili ni letu peke yetu. Uingereza, nchi iliyowapa dunia neno "pub", sheria ya mwaka 1908 ilikataza watoto wa chini ya miaka 14 kuingia katika vyumba vya kunywea. Kwa miaka mingi chakula katika baa nyingi kule kilikuwa duni, vitafunwa vya kushushia bia. Hata ile sahani yao maarufu ya mkate, jibini na achari, inayoitwa mlo wa mkulima kana kwamba mababu waliila nyuma ya plau, jina lake lilienezwa katika miaka ya 1950 na 1960 na watu waliokuwa na kazi ya kutangaza jibini. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Kumbe hata wazungu wanaweza kuzushiwa mila yao wakaila kwa furaha! Mwaka 1991 vijana wawili walifungua baa iitwayo The Eagle katika barabara ya Farringdon, London, wakapika chakula cha kweli mbele ya wateja na kukiandika kwa chaki ubaoni, kikibadilika kila siku. Wengi wakawaiga. Huko pia chakula kilipopanda hadhi, walioingia si wanywaji wa zamani tu, bali na familia.

Nimetaja ubao wa chaki makusudi, na nitaurudia.

Baada ya kuziona karatasi za kijana wangu nilijipa kazi. Kwa jioni kadhaa nilikaa katika baa mbalimbali, Ihembe na miji ya jirani, na soda yangu (daktari amenikataza mengine), nikatazama watu wanavyokula. Mtu wa miaka yangu akikaa kimya na soda hakuna anayemwona. Mambo mengine niliyategemea na sitayachelewesha: watu wanataka chakula cha moto, wanataka bei isiyobadilika wakati wa kulipa, wanataka maji ya kunawia na sabuni. Kilichonishangaza ni namna wanavyoisoma orodha. Wengi hawaisomi. Wanaifungua, wanaipitisha macho kama mtu anayetazama picha za harusi ya watu, kisha wanaifunga na kumwuliza mhudumu, "Haya, nini kipo?"

Na mhudumu, binti wa watu, anaanza mateso yake. "Kuku?" Amekwisha. "Sato?" Leo hawajaletwa. "Pilau?" Hiyo ni ya Jumapili. Kila "imekwisha" inamtoa mteja kitu fulani usoni. Mara ya kwanza anatabasamu, mara ya pili anatazama wenzake, mara ya tatu anasema, "Lete chochote." Nilimwona bwana mmoja aliyekuja na mkewe, na kwa mavazi yao nilibaini kwamba ilikuwa siku yao maalumu. Mke aliichukua karatasi, akaisoma kweli, tangu juu hadi chini, akachagua. Hakipo. Akachagua tena. Hakipo. Akairudisha karatasi mezani taratibu, akasema atakunywa soda tu. Mume akaagiza nyama, akala karibu yote.

Mchoma nyama mmoja, mtu wa miaka kama 40, tulizungumza kwa muda mrefu jikoni kwake. Aliniambia wateja wake ni wa aina mbili, wanaotaka kuona na wanaotaka kuambiwa. Wanaotaka kuona watasimama karibu na moto wake, watageuza nyama kwa uma wao, watabishana naye kuhusu uzito, na wataondoka wakiwa rafiki zake hata kama nyama ilikuwa ngumu. Wanaotaka kuambiwa wako kule mezani, hawamwoni yeye wala moto, na kwao nyama ngumu ni wizi. "Mwalimu," alisema, "yule wa kuona nikimkosea tumekosea wote." Nimefundisha ualimu pia, na nakiri sijapata kusikia somo la ushirikishwaji likielezwa vizuri hivyo.

Kuna pia vyakula ambavyo haviandikwi kabisa, na ndivyo vinavyoliwa kwa furaha kubwa. Msimu wa senene, Novemba na Desemba, na tena Aprili na Mei, mwanamke au kijana hupita kati ya meza na sinia la senene waliokaangwa, na baa nzima hugeuka, wasomi na wasio wasomi. Gonja ya kuchoma huuzwa hivyo hivyo. Rubisi yenyewe, iliyokuwa mama wa hadithi hii yote, imesukumwa pembeni. Mnyauko wa ndizi ulioingia mkoani Kagera mwaka 2006 ulizipiga vibaya zaidi ndizi za pombe, kwa sababu wadudu huubeba ugonjwa hadi kwenye ua la mgomba. Wengi wetu tulijifunza kuvunja ua kwa mti wenye panda, na wengi tulichelewa. Shamba langu la ndizi za pombe sikulipanda tena.

Yule binti yangu sasa ana zaidi ya miaka 50. Yeye pia ni mwalimu, Mwanza. Alikuja likizo Desemba iliyopita, na Jumapili moja akatuchukua mimi na mama yake, akatupeleka katika baa yenye bustani, mahali pasafi, wajukuu wakikimbizana kwenye nyasi. Mhudumu alileta orodha, akaninyoshea mimi kama mzee wa meza. Binti yangu akaipokea yeye, akampa mama yake.

Mke wangu aliitazama kwa muda mrefu. Alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Kisha akamwita mhudumu karibu, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Mwanangu, nikienda jikoni nikaangalia, itakuwa vibaya?" Yule binti akacheka, akamwongoza. Walikaa huko kama robo saa. Aliporudi alikuwa amekwisha agiza kwa ajili yetu sote: mbuzi, ndizi, mchicha, na firigisi za kuku kwa ajili yake mwenyewe. Katika miaka zaidi ya 50 ya ndoa sikuwa nimejua kwamba anapenda firigisi. Kwetu nyumbani firigisi huwa ya baba.

Ilipoletwa nyama, binti yangu alinitazama, akaunusa mkono wake mwenyewe, akatabasamu. Kumbe alikumbuka. Mama yake aliendelea kula. Sikujua niseme nini, nikaomba chumvi.

Nilirudi kwa yule kijana na karatasi zake kabla ya mwaka mpya. Nilimwambia aache plastiki, anunue ubao na chaki, na kila asubuhi aandike kilichopo, hata kama ni vitu vitatu. Na jioni kitu kikiisha akifute. Alibisha. Alisema ubao ni wa shule, watu watamwona mshamba, baa za mjini zina vitabu vyenye picha. Nikamwambia kuhusu London. Hilo, naona aibu kusema, ndilo lililomshawishi kuliko hoja zangu zote. Tulikubaliana pia kwamba jiko liwe mahali ambapo mtu aliyeketi anaweza kuliona, na kwamba firigisi ziuzwe peke yake, kwa anayezitaka.

Wiki iliyopita nilipita pale jioni nikitoka msibani. Ubao ulikuwa umetundikwa nje, chini ya bati. Mbuzi, ndizi, ugali, maharage. Chini ya maharage palikuwa pamefutwa kwa kitambaa kibichi, na kwa kuwa chaki ilikuwa nzuri neno bado lilisomeka: sato. Meza mbili zilikuwa na watu. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama na mtoto mgongoni, anasoma.